Gunia la Bafuni

Ijumaa, 31 Julai 1987

Tumefika Nunguni jioni, ukungu umeshuka mpaka kwenye boneti. Baridi! Sisi tuliozaliwa Kwa Vonza hatukuumbiwa huku. Nimevaa sweta mbili na bado Mutindi ananicheka. Anasema ameolewa na mjusi, bila jua hatembei.

Boma la wakwe ni lile lile. Mabati mekundu, kahawa pande zote, moshi unatoka jiko la nje. Mzee alitupokea barazani, akanishika mkono mpaka ukauma. Mama mkwe sikumwona. Niliona tu leso ikipotea kona ya jikoni — hiyo ndiyo salamu yangu tangu nimwoe binti yake. Nthoni, heshima ya mkwe. Mimi na yeye hatushikani mkono, hatuli pamoja, na chini ya paa lake silali. Huwa tunalala kwa shemeji yangu Mutiso, nyumba ndogo pale chini ya boma.

Chakula kikaja, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na kuku. Aliyekileta ni Kamama, kitinda mimba wetu. Jina lake hasa ni la nyanya yake, kwa hivyo mimi silitamki, namwita Kamama tu. Nafanya kazi posta Nairobi, lakini huku posta ni yeye. Susu, yaani nyanya, anauliza kama pilipili imezidi. Mwambie Susu haijazidi. Ilikuwa imezidi! Nikala yote.

Blanketi la zawadi ya mama mkwe nililichagua mimi mwenyewe, rangi ya kahawia kama anavyopenda. Kamama akalipeleka, akarudi na asante. Na yangu je? Mwaka ule nilipofutwa kazi watoto wetu walikaa hapa kwake. Walikula, walivaa, walienda shule, na hakuna neno baya hata moja lililonifikia kutoka jikoni kwake. Ningetaka kumshukuru kwa mdomo wangu kabla hajazeeka zaidi. Asante ya namna hiyo huwezi kumtuma mtoto.

Jumamosi, 1 Agosti

Siku nzuri. Nimelala mpaka jua likatoka, lile jua kidogo wanaloliita jua huku. Mutiso alichinja mbuzi. Mzee akanieleza tena vile alivyopanda kila mti wa kahawa, na mimi nikamsikiliza tena. Tumbo limejaa, redio inaongea, hakuna simu. Hivi ndivyo mtu anapaswa kuishi.

Mchana nilishuka mtoni kutembea na Kamama. Kwenye kona, mama mkwe huyu hapa, amebeba kuni! Akaruka ndani ya kahawa upande wa juu. Mimi nikaruka upande wa chini. Basi tukajificha sisi wawili, watu wazima, kila mmoja akingoja mwenzake apite. Hakuna aliyepita. Kamama alisimama katikati ya njia akicheka mpaka akakaa chini. Mwishowe nilisikia na upande wa juu kunachekwa, polepole, mtu akijizuia. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake. Nikatambaa kwenye kahawa mpaka nikapata njia ingine. Suruali imeharibika.

Nilimwambia Mutindi nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliniambia hizo ni adabu za zamani, kwamba hata pasta wao anakula meza moja na mama mkwe wake, na kwamba mamake angependa kuniona kabla ya kaburi. Nikamjibu heshima si utumwa. Akasema si utumwa, ni uoga.

Jumapili, 2 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi wote walienda kanisani na gari yangu, Mutiso akiendesha. Nilisema kichwa kinaniuma. Hakikuniuma. Nilitaka kulala, nisikilize redio bila mtoto juu ya tumbo. Mama mkwe naye alibaki kwa sababu baridi imemvimbisha magoti. Kwa hivyo tulikuwa wawili boma zima, kila mtu upande wake kama kawaida.

Nilikuwa nje kwa Mutiso nikinywa chai niliposikia kishindo. Nikafikiri ni sufuria. Nikaendelea na chai — nikaendelea na chai! Halafu nikasikia mtu akiguna, sauti inatoka bafuni. Bafu lao ni la mabati, nyuma ya jikoni, sakafu ya simiti, na mlango ni gunia limetundikwa. Nikaenda nikasimama mbele ya gunia.

Akauliza, "Ni nani?"

Nikasema ni mimi. Jina sikutaja.

Maji ya sabuni yalikuwa yanapita chini ya gunia mpaka kwenye viatu vyangu. Nilisimama nikiyaangalia, sijui kwa muda gani. Hata kukohoa sikukohoa. Ni yeye aliyeongea tena.

"Usiingie. Sijavaa. Mwite Kaluki."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ambayo amewahi kuniambia bila mjumbe. Na mimi nikatii kama mtoto wa shule.

Kwa Kaluki, yule mama jirani, mlango umefungwa. Nyumba ya pili imefungwa. Ya tatu, mbwa tu. Jumapili asubuhi, Nunguni — ni mwanamke gani atakuwa nyumbani? Nyimbo nilizisikia kabisa zikitoka kanisani kule juu, na bado nikaendelea kupiga hodi. Njiani nilikutana na wanaume wawili. Niliwasalimia vizuri, nikapita. Nilikuwa natafuta mwanamke! Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu na hakuna lingine lililoingia.

Nilifika mpaka sokoni. Duka lililokuwa wazi lilikuwa moja, la Bile, yule mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Garissa. Yeye amesafiri. Mke wake Shamso alikuwa anapima sukari. Nilimwambia kwa haraka, akaacha sukari kwenye mizani na duka wazi, akatangulia mbele yangu akikimbia.

Tuliporudi, mkono wa mama mkwe ulikuwa umetokea chini ya gunia. Alikuwa amejaribu kujivuta. Vidole vimekuwa vya kijivu kwa baridi. Niligeuka nikaangalia kahawa. Shamso aliingia, akamfunika, akambeba mgongoni peke yake mpaka kitandani, mama mkwe akiguna kila hatua. Kisha akatoka nje, akanikuta nimesimama chini ya dirisha la chumba kama mlinzi. Hakupunguza sauti.

"Wewe baba, kwa nini uliacha yeye kwa maji? Hata kwetu mkwe ni heshima. Ungefumba macho tu, funika yeye, beba."

Ungefumba macho. Rahisi hivyo! Nimekaa shule miaka mingi, nimepanda vyeo, na halikunijia.

Wengine walirudi kutoka kanisani. Mama mkwe anasema ni mshtuko tu wa mguu, hataki hospitali, hataki kuharibia watu Jumapili. Wamama wa kanisa wamekuja wakaomba, wakamkanda na mafuta. Mzee aliwaambia wageni kwamba mkwe wake ana adabu, kwamba vijana wa siku hizi wangeingia tu. Wakaitikia kwa vichwa. Nilitamani ardhi inimeze. Mutiso amerudi Nairobi na basi la jioni, kesho ana kazi.

Sasa hivi Mutindi ameniuliza nilisimama pale kwa gunia kwa muda gani kabla ya kwenda kuita watu. Nikasema kidogo tu. Ameniangalia, akazima taa. Naandika na tochi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Yangu yalimwagikia viatu vyangu mwenyewe, na viatu havijakauka.

Jumatatu, 3 Agosti

Leo ningekuwa posta. Nimepiga simu kutoka sokoni, wamekubali.

Usiku mama mkwe alishikwa na homa. Anakohoa, kikohozi cha ndani, kila mara akikohoa mguu unamuuma analia. Lile blanketi langu liko juu yake, Kamama ameniambia. Alilala kwenye simiti yenye maji wakati mimi nikibisha milango ya watu walio kanisani — halafu namtumia blanketi.

Daktari wa dispensari amekuja asubuhi. Anasema si mshtuko. Mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwingine, unyayo umegeukia nje. Nyonga imevunjika. Na kifua kinamtia wasiwasi. Apelekwe Machakos leo hii, abebwe polepole bila kutikiswa. Nilimuuliza pembeni kama kukaa kwenye maji ndiko kulikoleta kifua. Aliniuliza alikaa kwa muda gani. Safari hii nilisema ukweli. Alifunga mfuko wake.

Nimemwambia Mutindi pia. Kila kitu, hata chai. Alikuwa anakunja shuka za kwenda nazo hospitali. Aliendelea kuzikunja.

Gari nimeligeuza, mlango wa nyuma uko wazi, kiti nimekilaza na mito. Mzee anazunguka na kofia mkononi, mgongo wake hauwezi kubeba hata debe la maji. Mutindi na Shamso, aliyekuja tena asubuhi, wamejaribu kumwinua mama mkwe mara moja. Nilisikia kilio chake kutoka hapa nje. Wameacha.

Mimi nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele. Naandika kwa sababu mikono haijui ifanye nini. Humu ndani sijawahi kuvuka sebule. Mutindi amesema anaenda kuwaita vijana wa Kaluki, wana nguvu. Nikasema sawa, ni vizuri. Nilifurahi! Mungu anisamehe, nilifurahi.

Sauti imetoka chumbani, ndogo, siwezi kushika maneno. Mutindi amesimama mlangoni na leso kichwani, tayari kutoka, lakini hatoki.

Kamama amekuja. Amesimama mbele yangu wima kama anavyofanya akiwa na salamu.

"Susu hataki watu wa Kaluki. Anasema uingie wewe. Na anasema usifumbe macho, utamwangusha."

Shamso anacheka huko ndani, au analia, sijui. Nimevua viatu, bado vina maji. Nimeviweka kando ya ngazi, sawasawa, kimoja karibu na kingine. Kamama ananivuta mkono, anauliza amwambie Susu nini.