Jina la Klara Mashineni

Iguguno, 3 Juni 2024

Mjukuu wangu Nathan,

Marahaba, najua ungeniamkia. Huko Dodoma unakula? Sisi wazima, goti tu ndilo bishi. Anayeandika ni jirani yangu Scholastika. Maneno ni yangu, hata yale makali. Sipigi simu kwa sababu utanibembeleza nicheke, na sitaki kucheka.

Jana nilipeleka alizeti kukamua. Ile programu yako ya kupanga zamu iko kwenye kompyuta ya mashineni, watu wanaisifu, nami nikakaa mkao wa mwenye mtoto. Antipasi mwenye mashine akasoma chini ya kioo: "Toleo: Klara." Akaniuliza, "Mama, kumbe huyu ni mjukuu wa Misigiri?" Watu wakacheka.

Klara wa Misigiri ni mama wa mama yako, simkatai. Lakini nani alikubeba mgongoni ulipougua surua? Lifute jina hilo.

Bibi yako, Agripina

Dodoma, 9 Juni 2024

Shikamoo bibi. Pole na goti. Nakula vizuri.

Halifutiki hapo lilipo. Programu naiandika kwanza, halafu naijenga iwe kitu kimoja cha kufanya kazi. Nilianza kuiandika nikiwa kwa bibi Klara, nikaweka jina lake lishike nafasi tu. Siku ya kujenga niliamuru: nafasi ile iwekwe "Agripina". Kumbe nilishaihamishia folda nyingine, nami nikataja anwani ya zamani. Go, lugha ninayoandikia, haikulalamika. Ilikosa pa kuliweka lako, ikaliacha la Klara, ikajenga. Sikukagua. Nikatuma kwenye mashine za Iguguno na Misigiri.

Mjukuu wako, Nathan

Iguguno, 14 Juni 2024

Marahaba mjukuu. Nimekusikia, ila sijapoa.

Sisi mtoto wa tumboni hatumpi jina. Tunasubiri atoke, tumwangalie, ndipo aitwe la bibi au la babu. Wewe ulimpa mapema, na siku ya kuzaliwa ukamwitia kwenye nyumba aliyokwisha kuhama. Nani aitike? Jenga tena, na umwangalie usoni kabla hujamtoa nje.

Na wa kushika nafasi kwa nini awe Klara? Ungeweka hata mbuzi.

Bibi yako

Dodoma, 20 Juni 2024

Shikamoo bibi. Nimejenga upya kwa anwani sahihi, nikaifungua, nikasoma mwenyewe: "Toleo: Agripina." Nimemtumia Antipasi, na Gabrieli wa mashine ya Misigiri, wabadilishe. Pa kushika nafasi sasa pana neno "bado".

Mjukuu wako

Iguguno, 2 Julai 2024

Nathan, baba, marahaba. Goti limetulia.

Nimeliona. Antipasi alinionyesha kwa kidole, nikasimama pale mpaka wenye magunia wakaniomba nisogee.

Jana nikapanda gari hadi Misigiri kuhakikisha. Kule bado Klara. Gabrieli anasema kila akitaka kubadilisha, bibi yako huyo anakuja na kigoda anakaa mbele ya kompyuta. Nikamkuta. Nikamwambia, "Inuka, hilo lilikuwa la tumboni." Akasema, "Basi mimi ndiye niliyetangulia."

Nilitaka kukivuta kigoda chake. Nikakumbuka nilivyosimama mimi kwa Antipasi. Nikamwambia asogee, tukakaa wote.

Mwache na hilo moja. Lakini ukija likizo, ushuke Iguguno kwanza. Misigiri utaenda umeshiba.

Bibi yako