Baba Hataki Ndege

3 Juni
Baba, shikamoo.
Mgongo umetulia? Sisi wazima, na mjukuu wako ameanza kutambaa. Tiketi ya ndege nimekutumia kwenye simu. Ni saa tatu tu. Treni ni siku nne, basi ni sita, na viti vyake vinawaumiza hata vijana. Nakuomba, safari hii usibishane nami.
Mwanao

5 Juni
Marahaba, mwanangu.
Mgongo haujambo. Tiketi nimeirudisha. Nimeshona viatu miaka arobaini, acha nami nione hizo barabara zinazokula soli zangu. Nakuandikia nikiwa ndani ya treni.
Baba yako

9 Juni
Baba, shikamoo.
Umeamkaje, na umeamkia wapi? Nimekupigia mara kumi na moja. Treni imefika, wewe hukuwamo. Mume wangu amesimama stesheni saa mbili nzima, mtoto mgongoni, akichungulia kila behewa. Baba, jamani.
Mwanao

10 Juni
Marahaba, mama.
Nipo mzima, simu ndiyo iliyoisha chaji. Mwambie mkwe aniwie radhi. Nilishuka kunyoosha miguu, nikamwona mama mmoja kiatu kimeachama. Nikamwambia, "Lete, dakika mbili tu." Treni haikuaga. Nikapanda basi, dereva akaniapia linakwenda kwenu. Kumbe miji yenye jina hilo iko miwili, na huu niliopo uko pembe nyingine kabisa ya nchi. Sasa wananishauri nipande lori la saruji.
Najua umechoka nami. Ila ndege inafika upesi mno. Tangu tumzike mama yako, ukaondoka bila kuniaga, sijajua nikuambie nini. Nilidhani njiani nitapata maneno. Sijayapata.
Baba yako

10 Juni, jioni
Baba, shikamoo.
Usipande lori. Usipande chochote. Hata baiskeli ya mtu usiiguse. Tafuta nyumba ya wageni karibu na stendi, ule, ulale, na simu uichaji.
Nimeomba ruhusa kazini. Kesho saa nane mchana natua huko na mtoto. Mume wangu ameuliza kwa nini nisikukatie tu tiketi nyingine ya ndege. Nimemjibu hamjui baba yangu.
Tutarudi sote kwa treni. Kutoka hapo ni siku tano, nimeuliza. Zitatutosha. Mimi pia sijui nianzie wapi.
Binti yako