Mashimo Niliyoyafunika

Jumatatu, 2 Mei 1966
Chai, kurasa tatu za kitabu, halafu barazani. Shule imefunguliwa. Watoto wamepita mbio, wakikata katikati ya machimbo ya zamani ya dhahabu, maili mbili kutoka mgodi wa Macalder. Nyasi zinawafika mabegani. Chini yake kuna mashimo saba. Najua, kwa sababu niliyafunika mimi. Mzungu aliyetuajiri alitaka yajazwe kabla hajaondoka. Tulikuwa tumechoka. Tulilaza magogo juu, tukamwaga udongo. Nikamwambia yamejaa. Miaka thelathini sasa. Magogo huoza.

Jumanne, 3 Mei
Nimeyatafuta kwa fimbo ndefu. Nimepata sita. Kila moja nimelichomekea kijiti chenye kitambaa chekundu, kipande cha shuka langu kuukuu. La saba sikulipata. Nakumbuka mti uliokuwa karibu. Mti haupo.

Jumatano, 4 Mei
Vitambaa vimetoweka, vyote sita. Saa nne nimeviona uwanjani shuleni, vimefungwa kwa kamba ya katani. Mpira. Kila kitambaa kilimleta mtoto hadi ukingoni. Niliyewaita ni mimi.

Alhamisi, 5 Mei
Nimemweleza Min Achieng, yaani mama yake Achieng, jirani yangu. Wanawe watatu hupita pale. Nimemwambia yote, hata ule uwongo. Aliendelea kumenya mihogo. Nilingoja matusi. Nilikuwa nayataka.

"Jaduong'," akasema, "mzee wangu, umekula kwetu miaka yote hii. Leo ndiyo unatuambia tunakanyaga nini?"

Akachukua panga, akaita wenzake. Kufikia alasiri mashimo sita yamezungushiwa miiba na njia ya mkato imefungwa. Mmoja alinitania kwamba watu wa kwetu Pangani, kule pwani, hawajui kuchimba, wanajua kufunika tu. Wakacheka. Mimi nilishindwa. Wameniuliza watoto wapite wapi. Nikawaonyesha njia ya juu, ya kuzunguka kilima.

Jumapili, 8 Mei
Mvua kubwa jana. Asubuhi la saba limefunguka lenyewe. Si kwenye nyasi. Liko katikati ya njia ya juu, niliyowachagulia mimi. Upana wa mlango. Nimetupa jiwe, nikangoja sana kabla ya kusikia maji. Min Achieng alifika akihema, akiwataja wanawe kwa majina. Wote walikuwa kanisani. Juzi walipita hapo mara mbili. Kilichowaokoa ni Jumapili.

Alhamisi, 12 Mei
Limejazwa. Safari hii kweli, mawe hadi juu. Wanaume wamefanya kazi siku tatu. Mimi nimebeba mawe madogo.

Leo nimewatangulia watoto hadi shuleni, nikigonga ardhi kwa fimbo kila hatua. Walikuwa wakiniigiza nyuma yangu, nikawasikia wakichekeana. Mdogo wa Min Achieng aliuliza kama kesho nitakuja tena. Nikamwambia nitakuja.

Sijamwambia mtu kwamba nimehesabu upya siku zetu za kazi. Kuna siku moja zaidi nakumbuka tukiburuta magogo, mvua ikitunyeshea. Shimo lenyewe, la nane, silikumbuki lilipo.