Chicha kwa Chuma cha Mgeni

Kambini Aguaragüe, 19 Februari 2003

Mama mpenzi,

Shikamoo. Miguu imepungua kuvimba? Mimi mzima, ila mvua ya huku imetuozesha hadi soksi. Mkono wa Rolando vipi? Mwambie mdogo wangu asibebe kuni kwa mkono ule hata akijisikia shujaa.

Nina habari. Kazi yetu unaijua: helikopta inahamisha mifuko ya nyaya na vifaa vya kutafutia mafuta, kilima hadi kilima. Mpaka leo tunatumia kamba ndefu yenye kulabu moja, na lazima mtu asimame chini yake aufungue mfuko, kama Rolando alivyosimama siku ile. Sasa amekuja mgeni wa Kanada, Leclerc, na chuma cha duara chenye kulabu nane. Rubani anabonyeza kitufe, mfuko mmoja unaachiwa, anaenda zake kwenye kilima kingine. Hakuna mtu chini! Injinia Ibáñez anavilinganisha. Ile ya zamani imeshapimwa na imefanya vizuri. Baada ya Karnivali ni zamu ya hiki kipya, na kitakachoshinda ndicho kitakachotumika mwaka mzima.

Mama, nakiombea kipya kishinde. Lakini kimetoka kwao kikavu, hakuna aliyemmwagia Mama Ardhi hata tone kwa ajili yake. Jumanne ya Karnivali kila mtu anakifanyia challa chombo chake, anakimwagia kinywaji kipate baraka, hata dereva wa lori la mboga. Tafadhali nitumie chicha yako. Pombe wanayouza huku ni maji yaliyopita karibu na mahindi.

Mwanao,
Abundio

Monteagudo, 26 Februari

Mwanangu Abundio,

Marahaba. Miguu ni yangu, niachie mwenyewe. Rolando hajambo. Vile vidole viwili vilivyobaki vimeshajifunza kuchanganya karata, na anaiba kama zamani.

Lori linakuletea mtungi wa chicha. Nimeikoleza kwa sukari guru, maana hicho chuma kina kazi kubwa mbele yake. Basi usinyunyize kama bahili anayetia chumvi kwenye supu ya wakwe! Kila kulabu ina mdomo wake, na kila mdomo unywe ushibe. Yule mgeni naye mpe glasi, asije akasema kwao kwamba sisi wachoyo.

Nimemtajia Mama Ardhi majina yenu wote. Sitaki mtoto wa mwanamke mwingine aletwe nyumbani akiwa na mkono kama wa Rolando.

Mama yako

Kambini, 17 Machi

Mama,

Shikamoo. Usiniulize afya. Mwili mzima.

Challa tuliifanya vizuri sana. Leclerc alikuwa ameshuka mjini kucheza Karnivali, kwa hiyo mwenye chuma hakuwepo. Nilimmwagia Mama Ardhi, kisha nikazinywesha kulabu zote nane, moja moja, mpaka zikatiririka. Vijana walipiga makofi. Mimi ndiye niliyesema, "Ongeza, ongeza, mama amesema zishibe!"

Jaribio lilipoanza, kulabu zikagoma. Rubani anabonyeza, mfuko hautoki. Anabonyeza tena, hautoki. Siku ya tatu mmoja ulijiachia wenyewe juu ya jiko letu. Ulitoboa bati na kutua ndani ya sufuria ya wali. Mpishi, Doña Encarnación, alitoka na mwiko wake akiwatukana Wakanada wote waliopata kuzaliwa. Mungu saidia, hakuna aliyeumia.

Leclerc alizifungua kulabu mbele ya watu wote. Ndani mlikuwa na utando unaonata, na sisimizi. Hakuelewa. Injinia akamwambia, "Wewe umetuletea mashine au kichuguu?" Watu wakacheka, nami nikacheka, mama. Nilicheka kuliko wote.

Injinia ameamua: tunabaki na kulabu moja. Leclerc anafungasha. Mtu mzima yule anakaa peke yake akisugua chuma chake kwa mswaki, akikinusa. Nikisema, nitafukuzwa. Nisiposema, kesho watu wanarudi kusimama pale aliposimama Rolando. Naona haya hata kula. Nifanyeje?

Abundio

Monteagudo, 22 Machi

Abundio,

Leo salamu zisubiri. Nenda kwa Injinia ukaseme. Ulimi ukiwa mzito, sema ni chicha ya mama yako na maagizo ya mama yako, kwa sababu ndivyo ilivyo. Sukari guru niliitia kwa mkono wangu huu. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Rolando nimemsomea barua yako. Akasema, "Abundio atasema. Namjua kaka yangu."

Nijibu na lori hilihili.

Mama

Monteagudo, 3 Aprili

Mwanangu,

Natumai umeamka salama. Sisi tumeamka.

Lori lilirudi mara mbili bila barua. Mara ya pili dereva akaniambia mgeni bado hajui kilichomsibu, na anaondoka Jumamosi. Nikajifunga shali, nikapanda lori, juu ya viazi.

Injinia nilimkuta kwenye uwanja wa kambi yenu, watu wote wapo. Nikamweleza: chicha ni yangu, maagizo ni yangu, mwanangu alinitii tu. Alicheka mpaka akatoa machozi. Yule mgeni hakucheka. Alikaa chini vumbini, akashika kichwa, akasema kwa Kihispania chake cha kuokoteza, "Asante, mama. Nilidhani nimekosea mimi." Nilitamani ardhi inimeze. Injinia amempa wiki nyingine na chuma chake, nacho kimeshaoshwa. Wewe hufukuzwi, nimeliombea hilo.

Kisha nikauliza uko wapi. Vijana wakatazamana. Mmoja akasema, "Abundio yuko mlimani, mama."

Nyuma ya rundo la mifuko palikuwa na mtu amesimama bila kusogea. Viatu vyake vilionekana hadi kwenye kamba zake. Hizo kamba nyekundu nilizitia mimi, siku ulipoajiriwa. Nilisimama pale kwa muda, labda ungetoka. Sikukuita. Watu walikuwa wengi, nikaona aibu kwa niaba yako, na yangu ilikuwa imeshanitosha.

Jibini niliyokuletea nimempa mgeni.

Nilipofika nyumbani Rolando alikuwa mlangoni. Akaniuliza, "Alisema, mama? Ulikuwepo alipokuwa anasema?"

Nimemwambia ulisema vizuri sana.

Mama yako