Stelingi Hafi, Mwanaidi

Mtani wangu Mwanaidi,

Shikamoo sikupi. Mimi ndiye niliyezaliwa mwanzo, na usijifanye mkubwa huko uliko kwa sababu tu umetangulia. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayoleta ubishi. Hapa Misugusugu majirani wamejenga mpaka upepo unapita kwa kuomba njia. Nyumbani kwako Kibuta wote hawajambo, na mihogo mwaka huu imekubali.

Tangu tukuzike masika yaliyopita sijakuandikia kwa sababu nilikununia. Lakini msibani kazi yangu ya utani niliifanya yote, hakuna atakayesema Mnyamwezi alishindwa. Nilivaa kanga yako, nikatembea kwa maringo yako, nikajilaza mlangoni jeneza lisitoke mpaka Wazaramo wenzako waniahidi kuku. Watu walicheka huku wanalia.

Leo nina habari. Lile jumba letu la sinema kule mjini Dar, mwenye nalo alitaka kulivunja lote ajenge ghorofa. Wataalamu wa majengo ya kale wakapinga, ukaitishwa mkutano, na kila mwenye la kusema akakaribishwa. Nilijua nisipokwenda utanijia ndotoni.

Unakumbuka tulipokuwa wasichana wa cherehani Kariakoo? Jumapili alasiri tunaoga, tunajipaka poda, tunazipanda zile ngazi pana kama mabibi harusi. Taa zikizimwa na pazia jekundu likifunguka, unanishika mkono kana kwamba tunapanda ndege. Kihindi hatujui hata neno, na nyimbo tunaziimba zote. Stelingi, shujaa wetu wa picha, akifa, unalia mpaka watu wa viti vya mbele wanageuka. Ulikuwa unaniaibisha, Mwanaidi.

Lakini mwisho wa mwezi ulipokwenda Kibuta na sukari ya mama, picha nayo uliibeba. Nilifuatana nawe mara nyingi, niliona kwa macho yangu. Watu wanakuja barazani na mihogo yao, wao wanamenya, wewe unahadithia. Adui ulimwigiza kwa kukunja uso, mama mkwe kwa kushika kiuno, na nyimbo uliziimba kwa Kihindi chako cha Kizaramo. Ukikaribia kumaliza unanyamaza makusudi, mpaka wote wanauliza, "Mwisho wake?" Na wewe uliyelowesha leso nzima Jumapili, unawaambia stelingi kapona, kaoa, na mama yake kamwona. Siku moja nilikubana njiani, nikakuuliza kwa nini unawadanganya watu. Ukanijibu, "Wamemenya mihogo jioni nzima, halafu niwape maiti? Stelingi hafi." Kwa hiyo Kibuta nzima inazijua picha zile, na hakuna hata moja iliyokwisha vibaya.

Mkutanoni nilikwenda na jirani yako Mzee Kondo, yule asiyekosa barazani kwako. Mtaalamu mmoja kijana alizungumza vizuri sana. Alieleza habari za nguzo, sakafu na maandishi ya plasta juu ya mlango, akasema huo ni urithi wa jiji. Nikasimama nikamwambia urithi huo si wa jiji peke yake, ulifika mpaka Kibuta huko Kisarawe, na shahidi nimekuja naye. Mzee Kondo akainuka kwa fimbo yake.

"Mimi ndani ya jumba hilo sijaingia hata siku moja," alisema. "Lakini yule kijana aliyezama mtoni, mama yake akamuokota akiwa hai, namjua kama mwanangu. Nimewahadithia watoto wangu, nao wanawahadithia watoto wao."

Safu ya mbele alikaa yule bwana aliyekuwa akitukatia tiketi dirishani. Amezeeka, lakini sauti ni ile ile. Aligeuka akasema kwa upole kwamba picha hiyo ameiona mara nyingi, na kijana yule alikufa. Mzee Kondo akanitazama. Mimi nikamkazia macho yule mkata tiketi, nikatikisa kichwa kidogo tu. Akanielewa, Mungu amlipe. Akasema, "Labda mimi ndiye niliyesahau." Nilikupenda pale, Mwanaidi, kuliko nilivyowahi kukupenda ukiwa hai.

Uamuzi umetoka juzi. Ukuta wa mbele utabaki, pamoja na nguzo na maandishi yake. Ukumbi unavunjwa. Nimeshukuru, kwa sababu kidogo si haba, lakini nina hasira. Wametuachia kile tulichokuwa tunakiona bure tukiwa kwenye foleni. Kile tulichokuwa tunakilipia, pale ulipolilia, pale zilipoanzia hadithi zote za Kibuta, ndicho wanachokivunja. Ningekuwa na nguvu ningekwenda kukaa kwenye kiti changu cha balkoni niwaone watakavyoniondoa.

Jana nilikwenda Kibuta kuwapelekea habari. Njia nzima juu ya bodaboda nilijiambia nitasema kweli. Nikawakuta barazani kwako, mihogo kwenye sinia, nami nikawahadithia mkutano wote, mtaalamu na plasta yake, wakacheka sana. Nilipofika mwishoni nikanyamaza. Haki ya Mungu haikuwa makusudi.

"Enhe," akasema Mzee Kondo. "Mwisho wake?"

Nikazitazama nyuso zao. Nikasema, "Stelingi hafi."

Mzee Kondo akapiga paja kwa furaha, akaagiza niongezewe chai.

Wewe nakuandikia kweli, kwa kuwa tangu ujana ni mimi na wewe tu tuliojua picha zile zilivyokwisha. Sasa nimebaki nayo peke yangu, na ni mzigo, usidhani. Nakuahidi, kila mwisho wa mwezi nitakwenda Kibuta, magoti yakitaka yasitake. Nitamenya mihogo nao, nitawahadithia zote ninazozikumbuka, na hakuna atakayekufa mikononi mwangu.

Ila mwisho wako wewe sikuuweza. Siku ile nilipojilaza mlangoni mbele ya jeneza, wenzako walicheka, wakaniahidi kuku, nikainuka. Kuku sikuwa namtaka, Mwanaidi.

Pumzika, mtani wangu.

Nyamizi