Makala Iliyotundikwa Juu ya Cherehani

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, nyuma ya karakana ya baiskeli,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu, na huyo binti yenu ambaye mimi shangazi yake namjua kwa picha tu. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ukikaa kazini saa mbili unainuka kama mzee. Acha kubeba maboksi peke yako, hao wenzako nao wana mikono. Na wifi, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila mdomo wake una afya tele. Jana kabla ya chai alikuwa ameshaniambia mara tatu kwamba nimenenepa.

Barua yako niliipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema binti yenu ametimiza miezi kumi na minne na hamjampeleka chanjo ya surua, kisha unanirudishia maneno yangu mwenyewe: "Dada, si wewe uliyeandika kwamba tunachomwa maji? Najivunia kuwa na dada asiyeogopa kusema." Mdogo wangu, nimesifiwa mara nyingi, na nyingi ya sifa hizo nilizipokea hata pale nilipojua hazinistahili. Hii ya kwako siwezi kuipokea. Kwa hiyo barua ni ndefu leo. Isome yote, usifanye kama wasomaji wangu.

Kisa unakikumbuka. Miaka mitatu iliyopita friji ya chanjo ya zahanati yetu ilikaa siku mbili bila umeme. Wakubwa wa pale wakanyamaza, na kina mama wakaendelea kupanga foleni. Nikapata habari, nikaandika aya kumi na moja. Nilisema chanjo iliyopigwa na joto haina tofauti na maji, watoto wale waitwe wachanjwe upya, na aliyenyamaza aondolewe. Katika hayo sifuti hata nukta. Friji ikizimika tena kesho, nitaandika tena kesho. Lakini juu ya makala ile niliweka kichwa cha habari cha maneno mawili, "Tunachomwa Maji", na nilikipenda kile kichwa kama mtu anavyopenda viatu vipya. Mhariri aliniuliza kama hakijapita kiasi. Nikamwambia akanywe uji.

Aya ya tisa ndiyo iliyosema chanjo ni haki ya mtoto na mtu asithubutu kuiacha. Nani husoma aya ya tisa? Watu walitoa fotokopi ya ukurasa wa kwanza, ambao unaishia aya ya nne katikati ya sentensi. Fotokopi ikapigwa picha kwa simu, na picha ikasafiri mpaka huko kwako.

Sasa nikueleze habari za Kimya, mpwa wako, binti wa dada yetu wa kati. Unamkumbuka ulivyokuwa unambeba mabegani na hujawahi kumsikia hata akiomba maji ya kunywa? Huyo sasa ni muuguzi wa chanjo katika zahanati ileile. Alipokabidhiwa daftari mwaka juzi, aligeuza kurasa za nyuma akahesabu. Kabla ya makala yangu, katika kila watoto mia wa eneo lake, tisini na watatu walikuwa wanaletwa. Mwaka jana waliletwa sitini na mmoja.

Mwezi wa tatu surua ikarudi. Ilianza kwa watoto wawili wa ghorofa ya nyuma, ikaingia shule ya chekechea, ikajaza wodi. Mtoto wa seremala wa kona, wa miaka miwili, ilimshuka mapafuni. Tulimzika Alhamisi. Kwa mara ya kwanza tangu nijue kushika kalamu sikuandika kitu. Nilikwenda kukaa na mama yake tu.

Kimya alikuja siku iliyofuata. Aliweka daftari mezani, na juu yake akaweka ile fotokopi.

"Mama mkubwa, kesho natoka na boksi la chanjo nyumba kwa nyumba. Nimechoka. Kila mlango ninaogonga, anayenifungulia ni wewe."

Nikaanza kumweleza aya ya tisa. Akasubiri nimalize, kama anavyosubiri mtoto amalize kulia, kisha akasema, "Saa tatu asubuhi. Vaa viatu vya chini."

Nakiri nilitafuta wa kubeba lawama pamoja nami, na wapo wengi. Wapo wasomi wanaorusha sauti za kutisha kwenye simu kuhusu chanjo, hali mabegani mwao kuna kovu la chanjo walilopewa na mama zao kabla hawajaota meno. Wao wamekwisha kuvuka mto, sasa wanabomoa daraja watoto wa wenzao wakiwa ng'ambo. Hao zamu yao inakuja, nina wino wa kutosha. Lakini mlango wa kwanza tulioufikia ulikuwa wa yule fundi cherehani aliyekushonea suruali za shule, na huko hapakuwa na msomi wala sauti ya simu. Palikuwa na mimi. Ukurasa wangu wa kwanza, umepigwa plastiki, umetundikwa ukutani juu ya cherehani, mahali ambapo mafundi wengine huweka kalenda. Nitakwambia ukweli kwa kuwa wewe ni damu yangu: kwanza nilifurahi.

Fundi ana mtoto wa mwisho wa miezi kumi na mmoja, na ukuta wa nyumba yake ndio ukuta wa seremala. Aliniona, akasimama.

"Mwandishi! Karibu. Huyu binti kila mwezi ananisumbua, mwambie mwenyewe."

"Nimekuja kukwambia umchanje mtoto, fundi."

Akavua miwani. "Uliniambia ni maji. Leo unaniambia ni dawa. Nisaidie, ulidanganya lini?"

Mdogo wangu, nimebishana na mawaziri na maprofesa, sijawahi kuulizwa swali lililonyooka namna ile. Nikamwambia sikudanganya siku yoyote. Friji ilizimika kweli. Ila nilitaka kichwa cha habari kinachouma, nikakipata, na kimemuuma asiyehusika. Mkewe alikuwa kwenye pazia na mtoto kiunoni.

"Mimi nilitaka kumpeleka tangu ana miezi tisa," akasema. "Ni hilo karatasi lako, mama. Kila nikifungua mdomo, huyu ananinyooshea kidole ukutani."

Aliyeendelea ni Kimya. Alifungua boksi, akatoa kichupa, akamwekea fundi kiganjani.

"Baba, jicho lako linatofautisha nyeusi na bluu nzito kwenye uzi mmoja. Nitazamie hiki kifuniko. Kuna duara, na ndani yake kuna mraba. Kipi kimekoza?"

Fundi akarudisha miwani, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakigeuza kama anayekagua kitambaa cha harusi ya mtu mkubwa.

"Duara limekoza. Mraba ni mweupe."

"Kichupa kikipata joto, mraba unakoza. Ukifikia rangi ya duara, mimi nakitupa, sikuulizi wewe wala daktari. Mama mkubwa aligombana nao kwa sababu wakati ule hakuna aliyekuwa akimwonyesha mzazi alama hii. Sasa mimi nakuonyesha wewe, na namwonyesha kila mama kabla sijachanganya."

Kisha akachanganya. Fundi alipoona bomba la sindano likiingiza maji kwenye kichupa akaruka. "Si hayo, anatia maji!"

"Dawa ni huo unga, baba. Kwani maziwa ya unga unampa mtoto makavu?"

Mkewe alicheka mpaka mtoto akacheka naye, na katika kicheko hicho mtoto akachomwa, akaacha kucheka. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Ndipo fundi akauliza kilichobaki kwenye kichupa ni cha nani. Kimya akamweleza kwamba kina dozi kumi, kikishachanganywa kinaishi saa sita, na kitakachobaki atakimwaga. Huyu ni mtu anayeokota vipande vya vitambaa sakafuni akashona navyo mifuko ya mito.

"Ukafungua dozi kumi kwa ajili ya mwanangu mmoja?"

"Mmoja ndiye aliyekuwepo."

Fundi alizima cherehani. Alinyoosha mkono ukutani, akalitungua lile karatasi langu, akanipa. Halafu akajizungushia futi kamba shingoni na kusema, "Twendeni. Wanawake wa mtaa huu wote nimewapanulia magauni. Najua nani alipanuliwa lini."

Na kweli alijua. Daftari la zahanati lilikuwa limejaa watoto waliohama na nyumba zilizobomolewa, lakini fundi alikuwa na daftari la viuno kichwani. "Huyu nilimpanulia mwezi wa saba mwaka juzi, mtoto ana mwaka na robo. Yule alirudi kupunguza baada ya mvua, mwanawe ana miezi kumi." Anagonga yeye, naongea mimi, Kimya anaonyesha kifuniko. Mlango wa tatu tulitukanwa. Wa tano waliniuliza kama nimelipwa, nikawajibu ningekuwa nimelipwa ningevaa viatu bora. Kwenye saluni walitupa watoto wawili kwa mpigo. Saa nane tulikuwa na watoto wanane, na muuza mkaa alipomleta wa kwake wakawa tisa.

Nimebakiza moja ya kukueleza. Tulikuwa tunapanda ngazi za ghorofa ya nyuma kwenda kwa mama wa kumi. Fundi alishatangulia, tukamsikia juu akigonga. Kimya akatazama saa yake, akasimama. Ilikuwa saa tisa na nusu. Akashusha boksi, akatoa kile kichupa, akakitia kwenye kasha la taka za sindano.

Nikamwomba dakika tano. Mlango ulikuwa unafunguliwa, nilisikia komeo.

"Dakika tano za nani, mama mkubwa?"

Miaka mitatu nimepiga kelele nikidai apatikane mtu mmoja katika zahanati ile anayeweza kutupa chanjo isiyofaa hata kama foleni inamtazama. Mtu huyo alikuwa ngazi moja chini yangu, amevaa sare yenye kola iliyochakaa, na nilimbeba akiwa mchanga. Sijawahi kujivunia neno lolote nililoandika kama nilivyojivunia mtoto yule. Alipanda mwenyewe kumwambia yule mama aje zahanati Jumatatu, na mama akasema atakuja.

Makala mpya imetoka jana. Kichwa cha habari amekiweka Kimya: "Leteni Watoto, Friji Inafanya Kazi". Hakina chumvi wala pilipili. Sikubadilisha hata herufi.

Lakini ile dozi ya kumi bado naifikiria. Ilikuwa ya mtoto wa miezi kumi na minne, na mtoto mwingine wa umri huo namjua kwa picha tu. Ulisema unajivunia dada asiyeogopa kusema. Basi nasema: nilikosea kichwa cha habari, na nyinyi mmekosea kuishia hapo. Mpeleke kesho. Mwambie muuguzi wa huko akuonyeshe kifuniko, utazame mwenyewe duara na mraba. Usinijibu kwa maneno safari hii, maneno ninayo mimi. Nitumie picha ya kadi yenye tarehe.

Mama anakusalimu, na anasema aliwapeleka chanjo wote wanne mgongoni, na wewe ndiye uliyemtapikia. Kimya anamsalimu mjomba wake. Amesema hivyo tu. Fundi anakukumbuka na anauliza kama bado unachana magoti. Mbusu wifi, umwambie sijamkasirikia yeye, nimekukasirikia wewe.

Mungu awafunike, na aniwekee huyo binti mpaka siku nitakapombeba kwa mikono yangu.

Dada yako akupendaye,
Yule wa maneno mengi.