Niliyemnawisha Kapteni

Jumapili, jioni. Mvua imekatika lakini mawingu bado yamelala juu ya ziwa. Nyumba iko kimya, na mimi sina wa kumwambia ila wewe, shajara.

Leo nimeharibu.

Hoteli yetu ni nyumba kubwa tu ya familia. Aliijenga babu yake Baba, aliyefika huku kutoka pwani akiuza vitambaa, na iko ukingoni mwa ziwa, unapoteremka kutoka mtaa wa Kisugu mpaka njia inaishia majini. Hapa mgeni hanawishwi na mtumishi. Mwenye nyumba mwenyewe hushika birika na tasa, akamwagia kila mgeni maji mikononi, awe Mzungu wa benki au mchuuzi wa ng'ombe. Ndipo chakula kije. Babu alifanya hivyo mpaka akafa. Baba naye hivyo hivyo.

Ila Baba hayupo. Wageni wawili walichukuliwa mezani kwetu na watu waliokuja na gari, Baba akaenda mjini kuuliza wamepelekwa wapi. Siku hizi, tangu wanajeshi washike nchi, mtu haulizi. Jirani alipotunong'oneza kuwa jina lake limetajwa kwa watu wale, Baba akavuka mpaka, akawafuata Mama na wadogo zangu waliotangulia Mombasa. Mimi nimebaki na Bibi kwa ajili ya mtihani.

Watu tunawaambia yuko Jinja, anatafuta vipuri vya jenereta. Nyumba ambayo mwenyewe amekimbia hupewa mwanajeshi. Tumeziona za mtaa wa Bukoto zikigawiwa.

Kapteni mmoja wa jeshi huja kula kila Jumapili na askari wake, na kopo lake la sukari, maana kwetu haipo. Tangu Baba aondoke, Bibi huwatangulizia mabakuli ya maji mezani ili wanawe mikono wenyewe, akisema mwenye nyumba yuko njiani. Leo Bibi alikuwa jikoni. Kapteni akakaa, akanyoosha mikono. Mimi nikimwogopa mtu, ulimi hufa na mikono hufanya kazi yenyewe. Nikachukua birika.

“Eh, toto,” akasema, maji yakiendelea kumwagika. “Sasa wewe ndio mwenyewe ya hii nyumba?”

“Afande, huyu mwenyewe hata ndevu hana,” askari mmoja akasema, wakacheka.

Bibi akatokea na sinia. “Anajifunza, mwanangu. Hakuna aliyezaliwa anajua.”

“Sawa, mama muzee. Jumapili ingine baba yake anawishe mimi. Kama yeye hakuna, mimi najua hii nyumba haina mwenyewe.”

Akala samaki wake taratibu, akashukuru kwa adabu.

Nilipokuwa naosha sahani, nilijikuta nataka Baba arudi. Siku moja tu, ashike birika, nyumba ibaki yetu. Nilijua watakachomfanya, na bado nilitaka. Niliyawaza hayo kwa Kiingereza cha shule, kwa sababu kwa Kiswahili cha Bibi nisingethubutu.

Alasiri akapita Ami Saidi, binamu yake Baba, anayeendesha lori la kahawa hadi Mombasa. Yeye ndiye hutupelekea habari. Bibi akamweleza yote, kisha akanigeukia mimi.

“Wewe ndiye uliyenawisha wageni leo. Basi neno la mwenye nyumba ni lako. Tumwambie nini baba yako?”

Sijawahi kuulizwa jambo katika nyumba hii. Hata chai huwa naletewa bila kuulizwa.

“Mwambie asirudi,” nikasema.

“Akijua habari ya Kapteni atarudi tu,” Ami akasema. “Si unamjua.”

“Basi asijue. Mwambie samaki wako wengi, na sisi hatujambo.”

Ami akamtazama Bibi. Bibi akatikisa kichwa kukubali, akaingia ndani kuanza kukunja mashuka ya kuhama nayo.

Siku moja Baba atauliza ni nani aliyeiachia nyumba ya babu yake bila hata kumwita. Itabidi niseme ni mimi.

Je, sauti itatoka?